Chumba cha Málaga

Mwezi ule wa Septemba, Zunilda Acuña alikuwa amechoka kusikia bei ya vitunguu vya Uhispania.

Kila alasiri, akitoka kazini kwenye zahanati, mdogo wake Nimia alipitia kwake, akavuta kiti cha kamba barazani, akapokea kikombe cha pembe chenye terere, chai baridi ya majani, yenye barafu, akanyonya mara moja, kisha akaanza. Kodi ya nyumba ya vyumba viwili, euro mia tisa na hamsini. Mwenye nyumba anataka ya miezi mitatu mbele. Umeme unapanda bei jioni, kwa hiyo watu wanafua nguo alfajiri. Vitunguu vinauzwa kwa kupimwa kama dhahabu. Nyama ya ng'ombe ndiyo usiiulize kabisa.

"Nyama ya ng'ombe, dada! Sisi tuliokua na mifupa mdomoni! Derlis akikosa nyama siku mbili anaanza kuniangalia mimi kama mbavu."

"Si mtakula samaki," Zunilda alisema bila kuinua uso. Mikono yake ilikuwa imezama katika beseni la unga wa muhogo, mayai na jibini. Ilikuwa saa ya kukanda chipa, mikate midogo ya jibini, za kuuza kwenye basi la jioni, na tanuri ya udongo nyuma ya nyumba ilishaanza kutoa joto.

"Samaki ndio ghali zaidi."

"Basi mle vitunguu."

Nimia alicheka hadi machozi yakamtoka. Alidhani ni utani. Zunilda hakuwa anatania. Kwake yeye, kule kulalamika kulikuwa namna nyingine tu ya kuringa. Mtu anayelilia bei ya nyama ya Málaga ni mtu ambaye mguu mmoja umeshafika Málaga. Bei za Coronel Bogado, mji wao mdogo wa Paraguay, yeye alizijua zote, za jibini na za kuni na za mafuta ya nguruwe, na hakuwahi kutokea mtu akaketi kwenye kiti cha kamba kumsikiliza akizililia.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba Málaga ilikuwa yake.

Alipokuwa na miaka ishirini na minne, Zunilda na rafiki yake Eligia walikuwa wamepanga kwenda pamoja. Walishakata tiketi. Walishanunua makoti mawili mazito sokoni Encarnación, wakayavaa wakajitazama kwenye kioo cha duka, jasho likiwatiririka katika joto la Januari. Wiki mbili kabla ya safari, mama yake Zunilda alianguka jikoni akapooza upande wa kulia. Baba hakuwepo, alikuwa ameshahamia kwa mwanamke mwingine upande wa Argentina. Nimia alikuwa na miaka kumi na minne, bado anavaa sare ya shule. Eligia alipanda ndege peke yake. Zunilda akarithi tanuri ya mama, akabeba kapu la chipa kichwani, akaanza kupanda mabasi yanayosimama pale mjini. Kwa kapu hilo alimlisha mama miaka kumi na tisa, na kwa kapu hilohilo alimsomesha Nimia uuguzi. Mama alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Zunilda alikuwa na miaka arobaini na sita, hana mume, hana mtoto, na lile koti alishamuuzia mwalimu mmoja aliyekuwa anaenda Chile.

Sasa Derlis, mume wa Nimia, fundi seremala ambaye hata ramani haijui vizuri, amegundua kuwa babu yake alikuwa Mhispania. Babu ambaye hakuwahi kumwona! Wakaandika barua, wakatafuta vyeti, wakangoja miaka miwili, mwishowe pasipoti zikatoka: yake, na ya binti yao Yerutí mwenye miaka minane. Nimia naye alipata kazi ya kulea wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia watu. Safari ilikuwa tarehe ishirini Oktoba.

Mjini walikuwa hawana habari nyingine. Zunilda akifika kituoni na kapu lake, Bi Fulgencia, muuzaji mwenzake wa siku nyingi, humpokea kwa maneno.

"Ehe, shangazi wa Ulaya! Umekuja kuuza na sisi masikini?"

"Mimi si shangazi, ni mama mkubwa. Na mkate wako unaungua kwenye kapu, angalia."

"Atakuchukua lini lakini? Mtu amesomeshwa na dada yake kwa chipa, hamchukui?"

"Ataanza na wewe. Wanatafuta bibi wa kufukuzia ndege mashambani."

Watu walicheka, Zunilda akacheka nao, halafu akapanda basi na kuuza chipa zake.

Ujumbe wa Eligia uliingia siku ya Jumatatu asubuhi, Zunilda akiwa anatoa majivu kwenye tanuri. Eligia alikuwa na kawaida ya kumtumia ujumbe wa sauti mara moja au mbili kwa mwezi, mrefu, wenye kelele za sahani na televisheni nyuma yake.

"Zuni wangu, sikiliza kabla sijasahau. Juu yangu hapa, ghorofa ya tatu, kuna wazee wawili wanahamia kijijini kwa mtoto wao. Nyumba ndogo, vyumba viwili, jua linaingia. Mwenyewe ni bibi mmoja mgumu lakini ananipenda, anataka mtu anayejulikana. Mia sita na hamsini tu! Na hataki miezi mitatu mbele, mmoja unatosha. Si uliniambia Nimia anakuja na hajapata pa kukaa? Mwambie anipigie kabla ya Ijumaa. Bei hii hapa haipatikani, nakwambia, watu watauana ngazini. Haya, nakubusu."

Zunilda alisikiliza mara ya kwanza amesimama na koleo mkononi. Akakaa kwenye kigogo, akasikiliza tena. Alimwona Nimia akipanda ngazi zile. Alimwona akigonga mlango wa Eligia kuomba chumvi, akibaki kuongea hadi sufuria inaungua. Alimwona Eligia, mwenye kile kicheko chake cha kuku, akimwita Nimia "wangu".

Simu aliiweka mfukoni kwenye aproni.

Alasiri Nimia alikuja kama kawaida. "Leo nimepiga simu nyumba nne, dada. Wakisikia bado tuko Paraguay wanakata. Mmoja kaniuliza tuko wangapi, nikamwambia watatu, akasema mtoto analia. Nikamwambia wangu ana miaka minane, halii. Akakata."

Zunilda alimimina maji ya barafu kwenye kikombe cha pembe, akampa. "Mungu atafungua njia," alisema.

Jumanne akasema moyoni atamwambia Jumatano. Jumatano Nimia alikuja amevaa viatu vipya vya safari, akavivua pale barazani ili Zunilda aone ndani kulivyo na manyoya. Zunilda akaahirisha. Alhamisi alikuwa na maagizo mengi ya chipa. Ijumaa ikapita. Jumamosi aliamka akajiambia kuwa sasa hata akisema haisaidii, na mawazo hayo yalimletea nafuu ambayo aliionea aibu.

Jumapili ile Nimia na Derlis walikuja wote wawili, bila mtoto. Derlis alikuwa amevua kofia. Nimia alikuwa amevimba macho.

"Shemeji," Derlis alianza, "tumepiga hesabu kila upande. Kwa mshahara wa Nimia, na mimi bado sijapata kazi, nyumba hatuwezi. Tutapanga chumba kwa watu. Lakini hao wenye vyumba hawataki mtoto."

"Mwaka mmoja tu, dada," Nimia alisema. "Labda na nusu. Tukishasimama tunakuja kumchukua. Sina mtu mwingine wa kumwachia. Yaani hata ningekuwa naye, ningekuletea wewe."

Zunilda alimkumbatia mdogo wake, akambembeleza, akamwambia yote yanayosemwa wakati kama huo. Lakini ndani yake kitu kiliruka kwa furaha. Watakuwa na Málaga yao, sawa. Na yeye atakuwa na Yerutí. Kila asubuhi atamsuka nywele. Ataenda yeye kwenye mikutano ya shule. Watoto wanasahau upesi. Mwaka na nusu ni mwingi kwa mtoto wa miaka minane. Nimia atapiga simu, na mtoto atakuwa anacheza, atasema, "Mama mkubwa, mwambie nitampigia baadaye." Kwa mara ya kwanza tangu Agosti, Zunilda alikula chakula cha mchana chote na kuongeza.

Wiki iliyofuata alinunua kitanda. Alipaka chumba cha mama rangi ya manjano. Mtoto alianza kulala kwake mara moja moja, kuzoea, kama wazazi walivyotaka. Yerutí alikuwa mtoto mwembamba mwenye maswali mengi, lakini siku zile maswali yalipungua. Alikuwa akikaa mezani wima, anakula vijiko vitano, anaweka kijiko chini.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama mkubwa. Asante."

"Sopa hii ya unga wa mahindi uliipenda sana zamani. Kipande kidogo hivi tu?"

"Kidogo kinatosha."

Zunilda alidhani ni huzuni ya kuachwa, ambayo itapita. Hata ilimfurahisha kidogo kusikia kwamba na kwao pia, kwa akina Nimia, mtoto hali vizuri. Si kwake tu.

Kisha Alhamisi moja, siku kumi tangu ule ujumbe wa Eligia, mwalimu wa shule alimsimamisha kituoni. Yerutí alikuwa ameanguka mstarini asubuhi, jua lilipokuwa kali. Si kitu kikubwa, walimpa maji ya sukari akaamka, na mama yake alikuwa zamu, simu haipokei. Je, Bi Zunilda angeweza kwenda kumchukua?

Alimkuta ofisini, kwenye benchi, miguu haifiki chini. Walitembea pole pole kurudi nyumbani, kapu la chipa likiwa bado limejaa. Zunilda alifunua kitambaa, akatoa moja ya moto.

"Kula."

"Baadaye."

"Yerutí. Mwalimu kaniambia unagawa chakula chako cha shule. Kila siku. Unampa yule binti wa fundi viatu. Kwa nini?"

Mtoto alitazama viatu vyake. "Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kula kidogo. Baba alisema huko chakula ni ghali na nyumba ni ghali, ndiyo maana siwezi kwenda. Sasa nyumba siwezi kufanya kitu. Lakini nikizoea kula kidogo, naweza kuwa bei rahisi." Akafikiri. "Tena nalala chini, sina shida. Mama mkubwa, mtu mdogo huko analipa nusu au analipa yote?"

Zunilda aliweka kapu chini pale pale njiani. Pikipiki ilipita, ikapiga honi, hakusikia. Akamshika mtoto mabega, akaona jinsi mifupa ilivyo karibu. Hakulia. Alimwambia, "Kula hiyo chipa yote mbele yangu, halafu tutazungumza habari za nusu," na akasimama juani kumtazama akitafuna hadi chembe ya mwisho.

Walipofika nyumbani alimlaza, akatoka uani, akampigia Eligia. Hakutuma ujumbe, alipiga.

"Zuni? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ile nyumba ya ghorofa ya tatu, bado ipo?"

"Ile?" Eligia alipumua kwa nguvu. "Zunilda, leo siku ya ngapi? Imechukuliwa Jumamosi ile ile! Nimekungoja, nikasema labda Nimia amepata kwingine. Kwani hakupenda?"

"Hajui."

"Hajui nini?"

"Sikumwambia."

Kwa upande wa pili kulisikika maji yakichuruzika, kisha bomba likafungwa.

"Ulisahau?" Eligia aliuliza, na sauti yake ilikuwa inamwomba aseme ndiyo.

"Sikusahau. Niliona kijicho. Niliwaza atakuwa anakaa juu yako, mnapikiana. Ilikuwa mimi nikae hapo, Eli. Mimi na wewe."

"Toba!" Eligia alisema. "Toba, mwanamke wewe! Unajua mimi huku nakaa vipi? Unadhani ni sherehe? Nina miaka ishirini na miwili nawavisha nguo vikongwe wa watu, magoti yangu yamekwisha, na kodi wamenipandishia mara tatu!"

"Hata hivyo," Zunilda alisema, "ningependa kuwa hapo magoti yakiisha."

Eligia alianza kufoka, akaacha katikati, akaanza kucheka kile kicheko chake, kisha akafoka tena. Mwishowe alisema, "Nina chumba cha nyuma. Yule mpangaji wangu wa Bolivia anaondoka wiki ijayo. Ni kimoja, watatu watabanana kama dagaa, lakini mtoto sina shida naye. Mia nne, na taa wazime wakitoka. Sasa nenda ukamwambie mdogo wako, mwenyewe, yote. Usiniachie mimi."

Nimia alikuja alasiri akikimbia, bado na sare ya zahanati, akaenda moja kwa moja kwa mtoto. Alipotoka barazani Zunilda hakumpa terere. Alimwambia amesimama, mikono kwenye aproni, bila kuzunguka: ujumbe, siku, bei, jua linaloingia, na kwa nini alinyamaza. Halafu akamwambia habari ya mazoezi ya kula kidogo.

Nimia alimsikiliza hadi mwisho. Rangi ilimtoka.

"Nimelia kila siku," alisema. "Hapa. Kwenye kiti hiki. Nimelia ukanifuta machozi kwa aproni hiyo hiyo, na simu iko mfukoni mwa aproni."

"Ndiyo."

"Umenunua kitanda! Umepaka rangi!"

"Ndiyo."

"Ulitaka mwanangu?"

Zunilda alitazama mlango wa chumba cha manjano. "Nilitaka kitu kimoja chako," alisema.

"Mimi sikukuomba ubaki na mama! Nilikuwa mtoto! Miaka yote hii nikila chipa yako nasikia kama naila ngozi yako. Unadhani sijui? Nikinunua viatu naogopa kukuonyesha, nisipokuonyesha naogopa utasema nakuficha. Ndiyo maana nakuja kukulilia bei, Zunilda. Kila siku bei, bei! Nilidhani nikikuambia mabaya yake, itakuuma kidogo."

Hilo Zunilda hakuwa amelifikiria hata siku moja. Nimia alimwamsha mtoto, akambeba ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, akaondoka naye, na kiti cha kamba kikabaki kimeanguka.

Siku tisa hakuja. Derlis alipita mara moja kuleta funguo za nyumba yao ili aiangalie wakiondoka, akasema kwa haya, "Chumba tumekichukua, shemeji. Eligia katuma picha. Dirisha linatazama ukuta." Zunilda alisema ni vizuri. Alijisikia mwepesi, na wakati huo huo akaliwaza lile dirisha linalotazama ukuta, akalitamani. Watakula meza moja na Eligia. Si ghorofa ya juu tena, ni ndani kabisa. Amewapeleka kwa mkono wake mwenyewe pale pale alipotaka yeye.

Siku ya safari ilikuwa Jumapili. Zunilda alioka tangu alfajiri, akafunga chipa ishirini kwenye karatasi, akaenda kituoni bila kapu. Hakujua kama atasalimiwa. Nimia alikuwa anahesabu mabegi, akamwona, akaendelea kuhesabu. Yerutí ndiye aliyemkimbilia.

"Mama mkubwa, mtu mdogo halipi kitu! Bibi Eligia kasema nitalipa kwa kumsomea barua za serikali, macho yake mabovu."

"Basi soma vizuri. Na ule. Nikisikia unagawa chakula nakuja kwa miguu."

"Baharini huwezi kuja kwa miguu."

"Utaniona."

Basi liliwasha injini. Derlis alipeana naye mkono, kisha akamkumbatia. Nimia alikuja wa mwisho. Walisimama wakitazamana kama watu wanaogombea kiti.

"Bado nina hasira," Nimia alisema.

"Najua."

"Nitakuwa nayo huko. Usidhani ukiniletea chipa imekwisha."

"Zichukue tu. Wale wa Málaga hawajui kuoka."

Nimia alichukua kifurushi, akakinusa, macho yakamjaa. "Ningekuambia twende wote, ungekuja?"

"Leo hii. Na aproni yangu hivi hivi."

"Basi siku nyingine useme hivyo," Nimia alisema, "usininyamazie." Akamshika shavu kwa kiganja, kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, akapanda.

Ujumbe wa kwanza ulikuja baada ya wiki, na zikafuata nyingine. Yerutí alieleza shule. Derlis alipata kazi ya kufunga makabati. Nimia alizungumza kwa kifupi, kwa adabu, na mwezi wa Desemba akaanza kuzungumza kwa kirefu. Siku moja alikuwa anaeleza kitu, na nyuma yake Eligia akadakia maneno, wakaangua kicheko wote wawili, kicheko cha watu wenye utani wao wa jikoni ambao mtu wa nje hauelewi. Zunilda alizima simu katikati. Alitembea hadi kwenye tanuri, akarudi, akaiwasha, akasikiliza hadi mwisho, na roho ikamuuma vilevile.

Kituoni Bi Fulgencia alimwona amekaa kimya juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Unawakumbuka wenzio?"

Zunilda alikuwa tayari na jibu la siku zote, la mzaha. Halikutoka. "Nawaonea wivu," alisema. "Wote watatu. Na Eligia wa nne. Nawaonea wivu hata wakila vitunguu."

Alingoja kuchekwa. Bi Fulgencia alitengeneza kitambaa juu ya kapu lake, akatema pembeni, akatikisa kichwa.

"Afadhali wewe, mwanangu. Wa kwako wako mbali wanapendeza. Mimi ningependa kuwaonea wivu wa kwangu, lakini wote wako hapa hapa, wamekaa nyumbani wananingoja nirudi nipike."

Zunilda alicheka hadi akashika mbavu. Basi la Asunción lilikuwa linakata kona, na wakanyanyuka wote wawili na makapu yao, kila mmoja akimsukuma mwenzake kwa kiwiko ili awe wa kwanza mlangoni.